Usukani mwepesi ulitoka wapi, na sanduku la gari la mbio linafaa gari gani

Leo tunaacha kidogo habari za barabara zilizofungwa na bei ya unga. Tunajibu swali la shoferi mmoja. Ana Land Cruiser ya zamani ya miaka ya 1970, pikapu yenye bodi nyuma. Anabeba makaa, mihogo, na mara nyingi familia zinazohama na magodoro yao juu ya mizigo. Usukani wa gari hilo hauna msaada wowote isipokuwa mikono yake. Jioni mabega yanamuuma hata kukata bugali ni kazi. Sasa fundi kijana amemwambia: "Papa, nitakuwekea usukani wa pompa, tena nitatia sanduku la gari la sport. Utageuza kwa kidole kimoja." Kijana ameona kwenye simu yake jinsi Wamarekani wanavyofanya. Shoferi anauliza: ni kweli? Na ni vizuri?

Kweli ni kweli. Lakini ili kujua kama ni vizuri kwake, inabidi turudi nyuma karibu miaka 100, tuone usukani wa pompa uliundwa kwa ajili ya nani.

Kijana wa Goma anayesukuma chukudu anajua tatizo lenyewe. Chukudu tupu unaligeuza kwa mkono mmoja ukipiga mluzi. Lipakie magunia mpaka juu, halafu jaribu kugeuza gurudumu la mbele likiwa limesimama juu ya mawe ya volkano: halitaki. Uzito wote unakandamiza gurudumu, nalo linashikana na ardhi. Likianza kutembea linalegea, lakini jiwe moja tu likiligonga, pigo linapanda mpaka mikononi. Gari lina shida hiyohiyo, ila kwa kilo nyingi zaidi.

Watengenezaji wa kwanza wa magari walikuwa na dawa moja: meno. Chini ya nguzo ya usukani waliweka sanduku la chuma lenye gia ndani yake, lile ambalo mafundi wetu wanaliita buati ya direksioni. Shoferi anazungusha sana, na mkono mfupi wa chuma unaotoka chini ya sanduku unasogea kidogo, lakini kwa nguvu. Uwiano ukiwa 24 kwa 1, maana yake unazungusha usukani digrii 24 ili mkono ule usogee digrii 1. Gari likiwa zito zaidi, waliongeza uwiano. Mzigo ukawa mwepesi, lakini shoferi akawa anazungusha na kuzungusha kama mtu anayeteka maji kisimani. Wenye kamio za zamani wanalijua hilo vizuri. Wepesi ulinunuliwa kwa polepole, na kona ya ghafla haimsubiri mtu.

Mtu aliyetoka katika mtego huo alikuwa mtu wa kamio. Francis Davis, Mmarekani aliyesomea uinjinia Harvard, alifanya kazi katika kampuni ya Pierce-Arrow huko Buffalo, akawa injinia mkuu wa upande wa kamio zake. Aliona kila siku mashoferi wakipigana na usukani. Mwaka 1922 aliacha kazi, akakodi karakana ndogo Waltham, karibu na Boston, akaanza kutafuta namna ya kuifanya mashine isaidie mikono.

Wazo la kusaidia usukani lilikuwepo kabla yake. Mwanzoni mwa karne ya 20 wengine walikwisha kujaribu kwa gia na kwa umeme. Mafuta yenye msukumo yalikuwa yanajulikana pia, lakini watu walifikiri lazima yakae yamebanwa kwa nguvu muda wote, tayari kusukuma. Mafuta yaliyobanwa hivyo yanatafuta kila mwanya wa kuvuja. Davis alifikiri kinyume. Acha pompa izungushe mafuta bure, vali ikiwa wazi, bila msukumo mkubwa. Shoferi akigeuza usukani, vali ifunge upande mmoja kidogo. Hapo tu ndipo msukumo upande, na upande ule ambao magurudumu yanatakiwa kwenda. Akinyoosha usukani, mafuta yarudi kuzunguka bure. Ni wazo jepesi kulieleza leo, lakini pompa za usukani zilizokuja kujaa duniani, pamoja na zile za kamio Fuso zinazopita mbele ya nyumba zetu, zimefuata njia hiyo.

Mwaka 1926 Davis alikuwa na gari moja la Pierce-Arrow lenye usukani huo, akalipeleka Detroit kuwaonyesha wakubwa. General Motors walimchukua akawafanyie kazi. Hapo ungedhani hadithi imeisha. Haikuisha. Uchumi wa dunia ulianguka, magari yakakosa wanunuzi, na mwaka 1934 General Motors wakaona kifaa ni ghali mno kwa watu wachache ambao wangekinunua. Davis akaondoka, akapatana na Bendix, kampuni ya piesi.

Kilichofungua mlango ni vita. Magari ya deraya na yale ya kuvuta vifaru katika Vita vya Pili vya Dunia yalikuwa mazito kupita mikono ya mwanajeshi yeyote, basi majeshi ya Marekani na Uingereza yakataka usukani wa pompa. Sisi wa huku tunajua vita inavyochukua. Inauma kidogo kukiri kwamba kitu hiki kilipata soko kwa njia hiyo.

Baada ya vita ilitokea kejeli nyingine. Gari la kwanza la raia kuuzwa na usukani wa pompa halikuwa la General Motors. Lilikuwa Imperial ya Chrysler, mwaka 1951, na baadhi ya hati za ubunifu za Davis zilikuwa zimekwisha muda wake, kwa hiyo Chrysler waliweza kutumia mawazo yake. Mwaka uliofuata General Motors nao wakaweka katika Cadillac kazi ile waliyoiacha miaka karibu 20 nyuma.

Watu walifurahi, hasa wale ambao mikono yao haikuwa ya kamio. Lakini kulikuwa na lawama moja. Usukani wa siku zile ulikuwa mwepesi mpaka ukawa bubu. Shoferi hakuhisi tena kama tairi inashika lami au inateleza. Tena viwanda vingi viliacha meno yaleyale ya polepole, au karibu yaleyale, kwa hiyo mtu alizungusha usukani mwingi, mwepesi, usiosema kitu. Kwa mtu anayekwenda kanisani Jumapili, hakuna neno. Kwa mtu anayependa mbio, ni kama kuongea na mtu aliyelala.

Hapa ndipo magari ya sport yanaingia. Katika mji wa Saginaw, jimbo la Michigan, General Motors walikuwa na kiwanda chao cha usukani. Sanduku lao lilikuwa na fimbo nyembamba ya chuma ndani, inayounganisha usukani na gia. Ukigeuza, fimbo inajipinda kidogo sana, na kule kujipinda ndiko kunakofungua vali ya mafuta. Fimbo ikiwa nyembamba, inajipinda upesi, mafuta yanakuja mapema na usukani unakuwa mwepesi. Fimbo ikiwa nene, lazima uweke nguvu kidogo kwanza, na hapo mkono unaanza kuisikia barabara. Sanduku kwa nje ni lilelile, ila kwa ndani ni kitu kingine.

Basi kwa Chevrolet Camaro na ndugu zake wa mbio, kiwanda kiliweka fimbo nene na meno ya haraka. Magari ya kawaida ya nyumba hiyo yalikuwa na uwiano wa kati ya 15 na 18 hivi. Camaro IROC-Z ya miaka ya 1980 ilifika 12.7 kwa 1. Usukani huo unatoka mwisho wa kushoto mpaka mwisho wa kulia kwa mizunguko 2 na nusu hivi.

Vijana wa Marekani waliokuwa na Chevelle na El Camino za zamani walitazama jambo hilo kwa tamaa. Hawakuwa na pesa za kununua Camaro mpya. Lakini katika viwanja vya magari yaliyokufa, Camaro zilizogongwa zilikuwepo, na sanduku la usukani mara nyingi linabaki zima hata kama mlango umekunjwa. Wakagundua kwamba matundu ya boliti yanalingana na ya magari yao ya miaka ya 1960. Fungua la zamani, funga la Camaro, na gari la baba linageuka kama gari la mbio. Huo ndio mchezo ambao kijana wetu ameuona kwenye simu.

Video fupi hazionyeshi walichokuta walipofunga. Kwanza, karibu na mwaka 1980 General Motors walibadilisha viungo vya mipira ya mafuta: vya zamani vilikuwa na mdomo wa chuma uliopanuliwa, vipya vikawa na pete ya mpira na kipimo cha milimita. Ukilazimisha mmoja juu ya mwingine, unavuja, na mafuta ya usukani yakidondokea bomba la moto la moteri yanaweza kuwaka. Pili, kile kiungo cha mpira kati ya nguzo ya usukani na sanduku kilikuwa na ukubwa tofauti. Tatu, na hili liliwashangaza wengi, masanduku mengi ya Camaro yana kizuizi ndani kinachozuia mkono usifike mbali, kwa sababu Camaro haikuhitaji kufika huko. Ukilitia katika gari jingine, magurudumu hayageuki mpaka mwisho. Gari linalosifiwa kwa usukani wa haraka linashindwa kugeuza barabarani bila kurudi nyuma mara mbili. Wajuzi wakajifunza kutafuta sanduku la Monte Carlo SS badala yake, gari la sport pia, lakini ambalo chini yake ni ndugu wa karibu zaidi wa yale ya zamani.

Viwanda vyenyewe vimewahi kufanya mchezo huo, na ni vizuri kuona jinsi walivyoufanya. Mwaka 1970 Citroën ya Ufaransa ilitoa gari la mbio liitwalo SM, lenye moteri ya Maserati. Usukani wake ulikuwa wa ajabu: mizunguko 2 tu kutoka mwisho hadi mwisho, na moteri ikiwa inawaka, ukiuachia unarudi katikati wenyewe hata kama gari limesimama. Kadiri gari lilivyokimbia, ndivyo usukani ulivyokuwa mzito ili mkono usipotoke. Mwaka 1974 ilikuja CX, gari la familia, na mfumo ule wa SM ukahamia humo. Lakini mainjinia hawakuuhamisha kama ulivyo. Mizunguko ikawa 2 na nusu. Wale waliotengeneza gari la mbio kwa mikono yao wenyewe walipunguza haraka yake kabla ya kulikabidhi kwa baba mwenye watoto nyuma.

Sasa turudi kwa shoferi wetu.

Ukitia pompa katika Land Cruiser isiyokuwa nayo, hata mimi nasema ni jambo jema. Mafuta yanafanya kazi mbili. Yanasukuma, na pia yanameza pigo. Mashoferi wazee wa magari yasiyo na pompa wanashika usukani dole gumba likiwa nje, kwa sababu jiwe likiligonga gurudumu, usukani unarudi kwa nguvu na kuvunja kidole. Juu ya mawe yaliyoachwa na Nyiragongo mwaka 2002 na tena 2021, hilo si hadithi. Na tairi la mbele likipasuka, usukani wa pompa unamsaidia shoferi kulizuia gari lisivutwe upande.

Mashaka yangu ni juu ya lile neno sport. Fikirieni kamba ya pompa ikikatika katika mteremko. Magurudumu bado yameungana na usukani kwa chuma, gari bado linageuka, lakini sasa ni kwa mikono tu, na mikono inapaswa pia kusukuma mafuta yaliyosimama ndani ya sanduku. Katika sanduku la 24 kwa 1, meno bado yanakusaidia. Katika lile la 12.7 kwa 1, msaada wa meno umepungua karibu nusu, maana yake unahitaji karibu mara 2 ya nguvu kwa kona ileile. Ile haraka ilikuwa ya mkopo kutoka kwa pompa, na pompa imekufa. Gari jepesi la Amerika lenye mtu mmoja ndani, juu ya lami, linaweza kuvumilia. Pikapu yenye magunia na mama watano juu yake haiwezi. Na hata pompa ikiwa nzima, gari refu kwenda juu lenye mzigo juu likigeuzwa upesi kupita kiasi linainama. Mikono ya shoferi aliyezoea kuzungusha mara nyingi itazungusha mara nyingi tu, siku ya hatari, bila kufikiri.

Wenye Land Cruiser za zamani duniani kote wamelipitia swali hili, na wengi hawakukimbilia Camaro. Toyota yenyewe ilianza kuweka usukani wa pompa katika Land Cruiser hizo mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1980 ilikuja ile ya 60, ndefu zaidi na nzito zaidi, na mafundi wakaona kwamba sanduku lake na pompa yake vinaweza kuhamia katika ile ya 40, kwa sababu mara nyingi moteri ni za ukoo mmoja na mahali pa kufungia pompa papo. Wamarekani wengine walitumia sanduku la Saginaw, lakini lile la pikapu au la Jeep, lenye kuzoea mzigo. Kwa gari la kazi, basi, piesi zilitafutwa kwa ndugu mzito. Na hata hivyo wengi walikuta fremu inapasuka pale sanduku linapofungwa, maana sasa mafuta yanasukuma kwa nguvu ambayo fremu haikuandaliwa. Walichomelea bamba la chuma kabla ya kufunga boliti. Fundi asiyezungumzia fremu, muulize wewe.

Kuna jambo jingine la kwetu. Kongo tunaendesha upande wa kulia wa barabara, na gari la hapa kwa asili lina usukani wa kushoto. Lakini magari mengi yanayofika Kivu yametoka Japani kupitia Mombasa na Dar es Salaam, yana usukani wa kulia, na yakifa ndiyo yanayotoa piesi. Sanduku lililotengenezwa kwa upande wa kulia si lilelile. Likifungwa upande wa kushoto linaweza kugeuza magurudumu kinyume cha mkono wako. Usicheke, kabla gari halijashuka kutoka kwenye mawe ya garaji, geuza usukani kushoto na mtu asimame mbele aangalie magurudumu yanaelekea wapi.

Magari madogo ya Kijapani ya siku hizi hayana tena mafuta wala pompa katika usukani. Suzuki iliweka moteri ndogo ya umeme katika Cervo mwaka 1988, na Honda ikaipeleka katika NSX, gari la mbio, mwaka 1990. Leo kuna watu huko Ulaya na Marekani wanaong'oa nguzo ya umeme katika gari dogo lililogongwa na kuitia katika gari la mzee. Kwa pikapu ya mzigo, moteri hiyo ndogo itachoka.

Nilimweleza shoferi haya yote akiwa amekaa juu ya gurudumu la akiba. Akauliza swali moja tu: atajuaje kama sanduku analoletewa ni la haraka? Nikamwambia asimamishe gari jingine lenye sanduku kama hilo, moteri ikiwa inawaka, ahesabu mizunguko kutoka mwisho hadi mwisho. Kisha wazime moteri, wapakie magunia, ajaribu kugeuza tena. Siku iliyofuata walifanya hivyo yeye na fundi kijana, uwanjani. Mizunguko ilikuwa 2 na nusu. Moteri ilipozimwa, kijana alishika usukani kwa mikono miwili, akaweka mguu kwenye dashibodi, akavuta. Kisha akashuka na kusema ataulizia kwa watu wa Land Cruiser za 60.